Miksa ya bafuni huchaguliwa kuanzia kwenye tenki

Mzee mmoja wa Moshono alinipigia simu mwezi wa saba mwaka jana, majira ambayo Arusha tunaamka Meru umejifunika wingu na maji ya bombani yanauma vidole. "Mwanangu, miksa niliyouziwa ni feki," akasema, akimaanisha ile koki ya bafuni inayochanganya maji ya moto na ya baridi. "Njoo uifungue nikairudishe dukani."

Nilifika saa nne asubuhi. Bafu lake lilikuwa zuri kweli: marumaru za kijivu kutoka sakafuni hadi darini, miksa nzito inayong'aa, na juu yake kile kichwa cha bomba la mvua, cha mraba, sentimita 30, ambacho kila mtu anakitaka siku hizi. Nikafungua. Maji yakatoka kwenye matundu ya katikati tu, yakawa yanajikusanya kidogo kisha yanadondoka, kama maji ya bati mvua ikishakatika. Pembeni pote pakavu.

Nikamwomba ngazi. Alishangaa, maana kwake tatizo lilikuwa ukutani. Lakini mimi nilikuwa nimeliona nikipita uwanjani: tenki la lita 1,000 limekaa juu ya mnara mfupi nyuma ya jiko, karibu usawa wa madirisha ya juu. Miksa yake haikuwa feki hata kidogo. Ilikuwa miksa nzuri iliyopelekwa kwenye nyumba isiyo yake.

Mimi ni fundi bomba, mwaka wa 17 sasa tangu nitoke chuo cha ufundi cha VETA, na naandika haya kwa sababu naumia kuona watu wanatoa hela nzuri kwa kitu kisichowafaa, kisha wanakaa nacho miaka wakidhani wametapeliwa. Miksa huchaguliwa kuanzia kwenye tenki, unapita kwenye hita, ndipo unafika dukani. Ukianzia dukani utachagua kwa macho.

Pima kimo cha maji

Maji yanayoshuka kwa uzito wake yenyewe hupata presha kutokana na kimo. Presha hupimwa kwa baa: mita 10 za kimo ni karibu baa 1, kwa hiyo kila mita moja inakupa sehemu ya kumi ya baa, yaani 0.1. Kimo hicho unakipima kutoka uso wa maji ndani ya tenki hadi kwenye kichwa cha bomba la mvua. Hapo ndipo wengi hukosea: wanapima kutoka chini ya mnara hadi juu, wanafurahi wana mita tatu, wakati wao wenyewe hawaogi wakiwa wamelala ardhini.

Nilifanya hesabu na mzee kwa chaki, kwenye ukuta wa jiko. Mnara mita 3. Tenki likijaa, maji yanapanda mita 1 zaidi, jumla mita 4 kutoka ardhini. Sakafu ya nyumba imeinuliwa nusu mita, na kichwa cha bomba kiko mita 2.1 juu ya sakafu, jumla mita 2.6. Toa 2.6 kwenye 4, unabaki na mita 1.4. Hiyo ni presha ya baa 0.14, tena tenki likiwa limejaa. Jioni, familia ikiwa imeshafua na kupika, maji yakibaki chini ya tenki, anabaki na kama 0.04. Tukafungua boksi la miksa ambalo bahati nzuri hakulitupa. Karatasi ya ndani ilisema presha isipungue baa 1. Mzee akakaa kimya, akaiangalia ile 0.14 ya chaki, akasema, "Kumbe."

Miksa nyingi nzuri zinazoingia madukani zimetengenezwa kwa ajili ya nchi ambazo maji ya mamlaka yanaingia ndani moja kwa moja kwa baa 2, 3 au zaidi, usiku na mchana. Sisi tunaishi kwa tenki, kwa sababu maji yana siku zake. Uingereza nako kuna nyumba nyingi za zamani zenye tenki darini, ndiyo maana kule hutengenezwa miksa za presha ndogo, na baadhi hutufikia. Kwenye boksi au karatasi ya ndani tafuta namba iliyo karibu na neno bar. Ikiwa ni 0.1 au 0.2, hiyo inafaa nyumba ya tenki. Ikiwa 1, uwe na pampu au uwe ghorofa ya chini na tenki liko juu ya ghorofa ya tatu. Kama karatasi haipo na muuzaji hajui, ichukulie kuwa ni ya presha kubwa.

Kipimo cha pili ni ndoo. Chukua ndoo ya lita 10, fungua bomba la bafuni kabla halijafungwa kichwa, washa saa ya simu. Ikijaa ndani ya dakika moja, una lita 10 au zaidi kwa dakika, na miksa ya kawaida pamoja na kichwa cha wastani vitakuridhisha. Ikichukua kati ya dakika moja na mbili, nunua miksa ya presha ndogo na kichwa kidogo, sentimita 10 hadi 15. Ikizidi dakika mbili, usinunue kitu. Shughulikia bomba kwanza. Fanya kipimo hicho jioni, tenki likiwa nusu, maana hapo ndipo utakapokuwa unaoga. Kama nyumba tayari ina bomba la maji ya moto, lipime nalo peke yake. Mara nyingi ndilo dhaifu kuliko la baridi, na miksa haiwezi kulipa nguvu isiyo nayo.

Kuhusu kushughulikia bomba: kabla hujafikiria pampu, angalia unene wa bomba linalotoka kwenye tenki. Nakuta nyumba nzima, vyoo viwili, jiko na bafu, vinalishwa na PPR, lile bomba la plastiki la kuchomelea, ya milimita 20 tangu tenkini. Bomba la PPR hutajwa kwa kipimo cha nje. Kuta zake ni nene, na ile 20 ndani ina tundu la kama milimita 13 tu. Maji ya kimo cha mita moja na nusu hayana ubavu wa kupita humo na kukata kona saba. Toa milimita 32 kutoka tenkini, ingia bafuni na 25, umalizie na 20 pale penye miksa tu. Punguza kona. Nimewahi kuokoa mabafu ambayo wenyewe walishakubali kununua pampu, kwa kubadilisha mita tisa za bomba.

Maji yako ya moto yanatoka wapi?

Kama una ile shawa ya umeme inayopasha maji papo hapo kichwani, huhitaji miksa kabisa. Inapokea maji ya baridi peke yake, unarekebisha joto kwa swichi yake na kwa kufungua koki kidogo au sana. Nasema hivi kwa sababu kila mwaka nakuta watu wawili watatu wamenunua miksa ya kuweka chini ya shawa hiyo, na upande wa moto wa miksa hauna pa kuunganishwa. Weka koki moja nzuri, na hela inayobaki mpe fundi umeme akuwekee waya wa ethi wa uhakika, ule unaopeleka ardhini umeme uliovuja. Hilo la ethi usilifanyie ubahili hata siku moja.

Kama una hita ya umeme ya kuhifadhi maji, lile pipa la lita 30, 50 au 80, uko mahali pazuri. Maji ya moto yanasukumwa na maji ya baridi yanayoingia humo, kwa hiyo kama vyote viwili vinatoka tenki moja, presha zinakaribiana na miksa inafanya kazi kwa utulivu. Hapa swali ni ukubwa wa kichwa. Chukua hita ya lita 50 iliyofika nyuzi 65, na maji yetu ya baridi ya mwezi wa saba, tuseme nyuzi 18. Ukichanganya kufika nyuzi 40 za kuogea, kwenye karatasi unapata kama lita 100. Kwa hali halisi, kwa kuwa maji ya baridi yanaingia hitani unavyotumia, hesabu 80. Kichwa kinachotoa lita 8 kwa dakika kinakupa dakika 10. Kile kinachotoa lita 16 kinakupa dakika 5, na wa pili kuoga anakuta baridi. Watoto watatu wanaowahi shule wanataka lita 8.

Sola ndiyo yenye mambo. Hapa kwetu wengi wanazo zile za mirija ya vioo, tenki lake limelala juu ya paa na pembeni kuna kitenki kidogo chenye boya. Nyingi kati ya hizo hazina presha: tenki lina tundu la kupumulia, na maji ya moto yanashuka kwa kimo cha paa tu. Nyumba moja ya Njiro walifunga hivyo upande wa moto, halafu upande wa baridi wa miksa wakauunganisha moja kwa moja na bomba la mamlaka. Wakaniita kwa sababu "miksa haichanganyi": ukifungua katikati, unapata baridi kali. Nilipotoka nje nikaona maji yanatiririka kwenye bati kutoka tundu la kupumulia la sola. Maji ya baridi yenye presha yalikuwa yakiingia kwenye miksa, yanayazidi nguvu ya moto, yanapanda kinyumenyume hadi paani na kumwagika. Bili yao ya maji ilikuwa imepanda, na walikuwa wanamlaumu msoma mita.

Kwa hiyo ishike hii kabla ya chapa, rangi na umbo: baridi na moto vitoke kwenye chanzo kimoja, kwa kimo kinachokaribiana. Njiro nilihamisha mstari wa baridi ukatoka kwenye tenki, na miksa ile ile waliyotaka kuitupa ikaanza kuchanganya siku hiyo hiyo.

Ukiamua kuweka pampu, sheria ni hiyo hiyo. Pampu ikae mahali inaposukuma baridi na moto pamoja. Kwa hita ya umeme ni rahisi, unaiweka kwenye bomba linalotoka tenkini kabla halijagawanyika. Kwa sola isiyo na presha, kamwe usisukume maji kuingia kwenye tenki lake la paani, litapasuka mishono. Pampu ya upande wa moto inakaa baada ya sola, iwe ya kuhimili maji ya moto, na upande wa baridi uwe na yake. Na ujiulize mapema utaoga vipi umeme ukikatika: mwachie fundi aweke njia ya pembeni ya kuipita pampu, yenye koki.

Miksa ya namna gani?

Mimi, kwa nyumba ya familia, nashauri miksa ya nje ya ukuta yenye mdomo chini, bomba la mvua la mkononi, na kichwa cha juu kama presha inaruhusu. Mdomo ule wa chini watu wanaudharau dukani kwa sababu wanaona ni wa sinki la kuogea la kizungu. Lakini fikiria maisha ya bafuni kwetu. Ndoo inajazwa humo. Bibi anaogea ndoo na kopo, hataki kumwagiwa kichwani. Mtoto anaogeshwa kwenye beseni. Maji yakitangazwa kukatika, unajaza madumu. Mdomo wa chini una presha kubwa kuliko kichwa, kwa kuwa uko mita moja na zaidi chini yake. Siku ambayo tenki limeisha nusu na kichwa kinatoa matone, mdomo bado unatoa maji ya kuoga.

Zile za kufukiwa ndani ya ukuta, unaona sahani na mpini tu, zinapendeza. Nimezifunga na nitaendelea kuzifunga. Lakini mwenye nyumba ajue anachokubali: mwili wote wa miksa uko nyuma ya marumaru. Katriji, ile sehemu ya ndani inayofungua na kufunga maji, unaweza kuibadilisha kwa kutoa ile sahani, ila kiungio kikivuja ndani, tunavunja. Na spea zake ni za chapa hiyo hiyo, hazishei na nyingine. Kama unaitaka lazima, nunua katriji ya akiba siku hiyo hiyo, weka marumaru sita za akiba darini, na bafu lipimwe presha kabla halijapigwa plasta. Kwa nyumba ya kupangisha usiiweke.

Halafu kuna miksa za thamostati. Ndani yake kuna kijipipa chenye nta inayotanuka na kusinyaa kwa joto, ikisogeza njia ya moto na baridi ili maji yatoke nyuzi zile zile ulizochagua. Nyingi zina kikomo cha nyuzi 38, ambacho huwezi kukipita bila kubonyeza kitufe. Na ikitokea maji ya baridi yakakatika ghafla, nzuri zinafunga na moto.

Jambo hili nalisema kwa uzito. Sola ya mirija, siku tatu za jua kali na familia ikiwa safarini, inafikia nyuzi 80 na zaidi. Maji ya nyuzi 60 yanaunguza ngozi ndani ya sekunde chache, na ngozi ya mtoto mdogo au ya mzee haichukui hata muda huo. Nilishaitwa kwenye nyumba ambayo mjukuu wa miaka minne alifungua miksa mwenyewe, tenki la baridi likiwa tupu na la sola paani limejaa. Bega lake lilibabuka. Alipona, ashukuriwe Mungu, lakini nilikaa kwenye kile kibaraza na bibi yake na sikuwa na la kusema. Wenye sola na watoto, kama bajeti inaruhusu kitu kimoja tu cha gharama bafuni, kiwe thamostati, si kichwa kipana. Ila iwe ya presha ndogo, na vyanzo viwe sawa kama nilivyoeleza. Thamostati yenye baridi ya baa 3 na moto wa baa 0.2 itapata tabu kama miksa nyingine. Kama huwezi kuimudu, basi weka mpini mmoja badala ya koki mbili za kuzungusha, na uwafundishe watoto kuanza na baridi daima.

Sasa unaweza kwenda dukani

Ukifika, usiulize bei kwanza. Ishike mkononi. Miksa ya brasi ni nzito kuliko unavyotarajia. Ya aloi ya zinki au ya plastiki iliyopakwa krome ni nyepesi, na ukiigonga kwa ukucha inatoa sauti ya kopo. Fungua nati za nyuma uangalie tredi: brasi itakuonyesha ile manjano yake pale ambapo krome haikufika. Ukiona kijivu kilichofifia, hiyo ni zinki, na ni ya kuvunjika shingoni siku fundi atakapokaza spana. Beba sumaku ndogo. Brasi haishiki sumaku kabisa, kwa hiyo mwili ukinasa sumaku, ni chuma kilichovishwa.

Zungusha mpini taratibu. Katriji nzuri inakwenda laini, uzito ule ule mwanzo hadi mwisho, bila kukwama na bila kulegea. Ndani yake kuna visahani viwili vya kauri vinavyoteleza kimoja juu ya kingine, vimesuguliwa hadi maji yasipate pa kupenya. Muulize muuzaji kipenyo cha katriji. Za kawaida ni milimita 35 na milimita 40, na hizo spea zake unazipata mitaani. Akikwambia ni ya aina yake, mwambie akuonyeshe spea yake pale dukani. Isipokuwepo, irudishe rafuni. Miksa isiyo na spea ni miksa ya msimu mmoja.

Hakikisha boksi lina vile viungio viwili vilivyopinda vya kuingia ukutani, vifuniko vyake vya duara, washa za mpira na vichujio vyake vidogo vya wavu. Mara nyingi vichujio vimechomolewa na mtu aliyefungua boksi kabla yako. Dai risiti, na boksi usilitupe.

Mambo ya ukutani

Miksa ya nje ya ukuta ina miguu miwili, na umbali wa katikati hadi katikati ni milimita 150. Vile viungio vilivyopinda vinakusaidia kurekebisha sentimita moja hivi kila upande. Zaidi ya hapo miksa inakaa upande na nati zinavuja. Fundi anayekata ukuta kwa kukisia anakuachia tatizo ambalo litaonekana marumaru zikishabandikwa. Mwambie aweke elbo mbili, vile viungio vya kona, kwenye kipande cha ubao au bati lililotobolewa kwa kipimo hicho, aweke pima maji juu yake, ndipo achomelee.

Moto kushoto, baridi kulia, ukiwa umeutazama ukuta. Midomo ya elbo iwe sawa na uso wa marumaru zilizokamilika, si uso wa tofali: hesabu plasta, gundi na unene wa marumaru yenyewe, jumla yake huwa sentimita mbili na nusu hivi. Kimo cha miksa, mita 1 hadi 1.1 kutoka sakafuni panatosha mtu kufikia bila kuinama, na ndoo ya lita 20 inakaa chini ya mdomo bila shida. Weka koki ya kufungia kwa kila mstari, moto na baridi, mahali mkono unafika. Utanishukuru siku ya kubadilisha katriji bila kuzima maji ya nyumba nzima.

Na msiunganishe shatafu ya choo kwenye miksa. Mtu anaacha miksa wazi, anafunga shatafu kwa kidole, na pale ndani moto na baridi vinakuwa vimefunguliana njia. Chenye nguvu kinaingia kwa mwenzake. Ukiona maji ya tanki la choo yana uvuguvugu, anza kutafuta hapo.

Kabla miksa haijafungwa, fungua mistari yote miwili imwage ndoo mbili kila mmoja. Mwaka juzi niliitwa Sakina kwa miksa ya wiki tatu inayovuja mdomoni. Nilitoa katriji, nikaifungua mezani mbele ya mama mwenye nyumba, nikampa kisahani cha kauri akishike kwenye mwanga wa dirisha. Kulikuwa na mkwaruzo mmoja, mwembamba kama unywele, umekatiza kutoka ukingo hadi tundu. Kwenye kipira cha chini tukakuta chembe ya mchanga mweusi, wa ule mchanga wa Meru unaoshuka na maji ya mvua hadi kwenye matenki yetu. Chembe moja. Mafundi walikuwa hawajasafisha bomba, na vichujio vilikuwa bado ndani ya boksi. Kichujio kingine kikubwa kikae kwenye bomba linalotoka tenkini, na tenki lisafishwe angalau mara moja kwa mwaka.

Walioko pwani wana adui mwingine. Nilifanya kazi ya nyumba ya wageni Tanga, maji ya kisima yenye chumvi. Miksa za zinki walizofunga zilikuwa zimetoka malengelenge ya krome kabla ya mwaka, na mbili zilikatika mkononi mwangu nilipogusa nati. Huko nunua brasi nzito au chuma cha pua chenye daraja la 316, na uulize mapema, usisubiri. Kichwa kiwe na vile vidomo laini vya silikoni, unavipitishia kidole gumba na chokaa inadondoka. Chokaa ikigoma, loweka kichwa kwenye siki iliyochanganywa na maji kwa saa moja kisha sugua kwa mswaki wa zamani. Ile dawa ya choo yenye asidi inakula krome, na stili waya inaikwaruza. Vyote viwili viache mbali na miksa.

Turudi Moshono. Mzee hakutaka kuinua mnara mwaka huo, ada za wajukuu zilikuwa mbele. Tulitoa milimita 32 kutoka tenkini hadi ukutani na 25 ndani, tukapunguza kona kutoka sita hadi tatu. Hita yake ya lita 50 tuliiacha. Miksa tuliirudisha dukani, na kwa kuwa alikuwa na risiti, walimbadilishia wakampa ya mpini mmoja, brasi, yenye mdomo na bomba la mkononi, iliyoandikwa 0.2. Ile 0.2 bado iko juu ya 0.14 yake, nilimwambia wazi. Lakini bomba la mkononi linaning'inizwa kwenye kishikio mita 1.7 kutoka sakafuni badala ya 2.1, na hizo sentimita 40 kwake ni karibu theluthi ya presha aliyokuwa nayo. Jioni tulijaza ndoo ya lita 10 kwa dakika moja na sekunde kumi na tano. Aliingia kuoga mimi nikiwa bado nakusanya spana, akatoka na taulo shingoni, akanipa chai.

Kile kichwa cha sentimita 30 alikataa kukirudisha. Kiko juu ya kabati ndani ya boksi lake, kinangoja mnara uongezwe mita mbili na nusu.